Nani alimuuliza mama? Safari ya tiba ya mazungumzo kutoka Kasangati hadi Rawalpindi

Hebu kumbuka mara ya mwisho ulipomsindikiza mtu kliniki ya watoto, au ulipokwenda mwenyewe. Mtoto anavuliwa nguo, anatiwa kwenye mzani wa kuning'inia, anapiga kelele, nesi anaweka nukta kwenye kadi. Nukta ikipanda, mama anasifiwa. Ikishuka, mama anaulizwa amemlisha nini. Anafunga mtoto mgongoni, anaondoka, anaitwa mwingine.

Sasa jiulize: katika dakika zile tano, nani alimuuliza mama mwenyewe hali yake? Simaanishi kidonda cha mshono wala maziwa kutoka. Namaanisha kama bado anacheka. Kama kuna siku anamwangalia mtoto wake anamwona kama wa mtu mwingine.

Leo nataka tuzungumze jinsi swali hilo lilivyoingia katika huduma za afya ya mama, na jinsi mazungumzo yalivyokuja kuhesabiwa kuwa tiba. Kilichonishangaza nilipoanza kuisoma historia hii ni kwamba tiba hiyo haikuenea kwa kuongeza mabingwa. Ilienea pale ilipotoka mikononi mwa mabingwa ikaenda kwa yule nesi au mhudumu ambaye tayari anabisha hodi nyumbani kwa mzazi. Na kipande kikubwa cha safari hiyo kilianzia huku kwetu Afrika Mashariki, katika kituo cha afya karibu na Kampala.

Lakini tuanze na mwanamke aliyeambiwa anyamaze.

Kitanda, maziwa na ukimya

Charlotte Perkins Gilman, Mmarekani, alijifungua binti mwaka 1885. Baada ya hapo machozi hayakukatika. Mwaka 1887 akapelekwa Philadelphia kwa Dkt. Silas Weir Mitchell, bingwa wa mishipa ya fahamu aliyesifika kwa tiba yake ya mapumziko. Tiba yenyewe ilikuwa hivi: mgonjwa analazwa kitandani wiki kadhaa, ananyweshwa maziwa na kulishwa vyakula vya mafuta, anakandwa mwili, anapitishiwa umeme kwenye misuli. Hasomi, haandiki, haonani na ndugu.

Baada ya mwezi hivi Gilman akaruhusiwa, na masharti mkononi. Aishi maisha ya nyumbani. Mtoto awe naye muda wote. Shughuli za kutumia akili zisizidi saa mbili kwa siku. Na asishike kalamu wala brashi ya kuchorea maisha yake yote. Mwandishi huyo, jamani! Alijaribu kutii kwa miezi michache na, kwa maelezo yake mwenyewe, nusura akili zimruke kabisa. Mwishowe akayatupa masharti, akashika kalamu, na mwaka 1892 akachapisha hadithi fupi kuhusu mwanamke aliyewekwa chumbani apumzike mpaka akaanza kuona watu ndani ya karatasi ya ukutani. Nakala moja alimpelekea daktari wake. Hakujibiwa.

Ni rahisi kumcheka Mitchell leo. Mimi sitaki kuharakisha. Alikuwa miongoni mwa walioamini kwamba wanawake hawa wanaumwa kweli, wakati ambapo wengi walisema wanajidekeza. Kabla yake kulikuwa na karne nyingi za kulaumu mfuko wa uzazi: neno histeria lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la kiungo hicho. Tatizo la Mitchell ni kwamba katika tiba yake yote, pamoja na maziwa yale yote, mgonjwa hakuwa na nafasi ya kusema.

Na mazungumzo kama tiba hayakuwa mbali. Mjini Vienna, kati ya 1880 na 1882, daktari Josef Breuer alikuwa akimsikiliza msichana aitwaye Bertha Pappenheim, na msichana ndiye aliyeibatiza shughuli ile jina la tiba ya mazungumzo. Sigmund Freud akaichukua, akaikuza. Lakini kwa miongo mingi ikabaki kuwa ya mwenye pesa na muda, mtu anayeweza kwenda kwa bingwa mara kadhaa kwa wiki. Mama mwenye kichanga mgongoni hakuwemo kwenye hesabu.

Hata kumhesabu kulichelewa. Mfaransa Louis-Victor Marcé aliandika kitabu kizima mwaka 1858 kuhusu maradhi ya akili ya wajawazito, waliojifungua na wanaonyonyesha, ila alikuwa akitazama wale waliofikia hali ya kulazwa. Ilibidi tungoje hadi 1968, London, ndipo Brice Pitt alipofuatilia akina mama 305 wa kawaida tu waliojifungua hospitalini, akakuta karibu mmoja katika kila kumi ana sonona. Hawa hawakuwa wamepotewa na akili. Walikuwa nyumbani, wanafua nepi, wanalia bafuni, na hakuna daktari anayejua.

Kasangati

Turudi sasa upande wetu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi. Kilihusu akili ya Mwafrika, na kati ya mengi yaliyomo ni dai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Yaani alihesabu waliofika kwenye hospitali ya vichaa ya kikoloni, akatoa hukumu juu ya bara zima! Dai hilo liliacha mizizi. Hata baadaye, wanaanthropolojia walipoanza kuzisifu mila za uzazi za Afrika na Asia (arobaini, kukandwa kwa maji ya moto, mtori, bibi kuhamia nyumbani), wapo waliohitimisha kwamba huzuni ya baada ya kujifungua ni ugonjwa wa Wazungu wasio na shangazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari kijana wa magonjwa ya akili kutoka Uingereza, John Cox, alikuwa Makerere. Akaenda kwenye kliniki ya wajawazito ya kituo cha afya cha Kasangati, akafanya jambo ambalo leo linaonekana dogo: akahakikisha wanawake wanaulizwa kwa Kiganda kuhusu hali ya akili zao. Utafiti aliochapisha mwaka 1979 ulikuwa na wanawake 263. Wengine walifuatiliwa baada ya kujifungua, na karibu mmoja katika kila kumi alikuwa na sonona. Aliporudi Uskoti akafanya utafiti wa aina hiyo Edinburgh. Huko ilikuwa kama mmoja katika kila wanane. Tofauti si kubwa. Kumbe shangazi wapo, na huzuni ipo.

Kuna jambo lingine alilolikuta Kasangati, nalo ndilo limenikaa kichwani zaidi ya takwimu. Waganda tayari walikuwa na neno: *amakiro*. Ni ugonjwa mkali wa akili unaompata mzazi, na watu waliogopa kwamba mama anaweza hata kutaka kumla mtoto wake. Chanzo chake? Wengi waliamini ni uzinzi wakati wa ujauzito.

Tuelewane hapa. Kuwa na neno ni hatua kubwa, kwa sababu jamii yenye neno imekubali kwamba kitu kipo. Lakini neno hili lilikuja na mashtaka ndani yake. Mama akianza kuchanganyikiwa, jambo la kwanza ambalo majirani wanajiuliza ni nani kazini na nani. Nani basi atathubutu kusema mapema kwamba ndani yake mambo si shwari? Kama wewe ni wa Tanzania, fikiria tunavyosema mtoto *amebemendwa*. Mtoto anakonda, na kabla hajapimwa damu, wazazi wameshahukumiwa kwa mambo ya kitandani. Ni kesi ileile, mahakama nyingine.

Maswali kumi

Edinburgh, Cox na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walikabili tatizo la kiufundi kabisa. Madodoso ya sonona yaliyokuwepo yaliuliza: unalala vizuri? Hamu ya kula ipo? Umechoka? Umepungua uzito? Mpe mama mwenye mtoto wa wiki sita dodoso hilo. Bila shaka halali! Bila shaka amechoka! Kila mzazi angeonekana mgonjwa, na yule mgonjwa hasa angepotea katikati yao.

Kwa hiyo wakaondoa dalili nyingi za mwili, wakabaki na za moyoni. Kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987 baada ya kujaribiwa kwa akina mama 84, kina maswali kumi tu kuhusu siku saba zilizopita, na alama zake huanzia 0 hadi 30. Linaanza na kicheko: unaweza bado kuona la kuchekesha? Linafuata la kutazamia mambo kwa furaha, kisha la kujilaumu bila sababu. Usingizi umo, ila umeulizwa kwa ujanja: umekosa usingizi *kwa sababu ya huzuni*? Mtoto akikuamsha saa nane usiku, hiyo haihesabiwi. Mtoto akilala na wewe ukabaki unakodolea dari macho, hiyo inahesabiwa. Swali la kumi ni zito kuliko yote, nalo ni la wazo la kujidhuru.

Kipimo kiliruhusiwa kunakiliwa bure, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Na ukikaa chini kutafsiri ndipo unagundua kazi ilivyo. Tanzania wataalamu wanasema sonona, Kenya utasikia msongo wa mawazo, na mama mwenyewe kwenye benchi la kliniki atakwambia tu "nina mawazo." Mawazo! Neno ambalo kwenye kamusi ni fikra, kwenye benchi ni ugonjwa.

Haya, umemuuliza, amejibu, alama zimefika 18. Sasa?

Hapo ndipo Holden na wenzake walipofanya jambo ninaloliona kuwa muhimu kuliko hata kipimo chenyewe. Uingereza ina manesi ambao kazi yao ni kutembelea kila nyumba yenye mtoto mchanga. Watafiti wakawapa mafunzo mafupi ya ushauri nasaha. Hawakuwafanya wanasaikolojia. Waliwafundisha kukaa, kuuliza, kunyamaza, na kutokimbilia kutoa mawaidha. Hilo la mwisho lina ugumu wake kwa nesi yeyote, maana tumefunzwa kwamba mtaalamu ni mwenye majibu. Kila mama alitembelewa mara moja kwa wiki kwa wiki nane.

Matokeo yakachapishwa mwaka 1989. Akina mama 50 wenye sonona waligawanywa kwa bahati nasibu. Miezi mitatu baadaye, kati ya 26 waliopata ziara zile, 18 walikuwa wamepona. Kati ya 24 waliopata huduma ya kawaida, waliopona ni 9. Utafiti mdogo, ndiyo. Lakini kwa mara hii mwanamke hakulazwa kitandani na kuambiwa asiseme. Alikaa sebuleni kwake, nesi akamsikiliza.

Rawalpindi, ambako hakuna aliyetaja ugonjwa

Uingereza ina manesi wa kutosha kubisha hodi. Je, wilaya ya vijijini Pakistan?

Tangu 1994 Pakistan imekuwa na mpango wa wahudumu wanawake wa afya, wenyeji wa vijiji vyao, kila mmoja akihudumia watu kama 1,000 hivi: chanjo, uzazi wa mpango, lishe. Ukiwafikiria wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii, hujakosea. Atif Rahman na wenzake wakajiuliza kama wanawake hawa wanaweza kutoa tiba inayolenga fikra na tabia, ile ambayo kwa kawaida hutolewa na mtu mwenye shahada mbili ukutani.

Wakaipunguza hadi iwe kazi ya binadamu wa kawaida. Mafunzo ya siku mbili, marudio ya siku moja baada ya miezi minne, na kikao cha usimamizi kila mwezi. Ziara 16: nne katika mwezi wa mwisho wa ujauzito, tatu katika mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, kisha tisa za mara moja kwa mwezi. Mhudumu anamsaidia mama kulikamata wazo linalomtesa ("mtoto wangu anaumwa kwa sababu mimi sina bahati"), kulipima, kutafuta jingine lenye ukweli zaidi, na kujaribu tendo moja dogo kabla ya ziara ijayo.

Ujanja uko kwenye mlango wa kuingilia. Nyumbani kwa wakwe, ukisema umekuja kumtibu binti mkwe ugonjwa wa akili, hutapewa hata kiti. Basi hawakutaja ugonjwa. Walisema wamekuja kwa ajili ya afya ya mtoto. Mama mkwe gani atapinga hilo? Na kupitia mtoto, mazungumzo yakafika kwa mama, kisha kwa watu wanaomzunguka, mama mkwe mwenyewe akiwemo.

Utafiti huo, uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2008, ulikuwa na akina mama 903 wenye sonona katika maeneo 40. Kundi la kulinganisha nalo lilitembelewa mara zilezile, na wahudumu wasio na mafunzo hayo, ili asije mtu akasema kilichosaidia ni kutembelewa tu. Mtoto akiwa na miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 kwenye kundi la tiba na 53 kwenye lile lingine. Mtoto akifika mwaka, 27 kwa 59.

Nukta za kwenye kadi je? Hapa watafiti walikuwa wakweli: uzito na urefu wa watoto haukutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Walichokikuta ni kuhara kupungua, chanjo kukamilishwa zaidi, na wazazi wote wawili kucheza zaidi na mtoto. Wapo waliovunjika moyo kwa suala la uzito. Mimi naona ni swali la ajabu kidogo. Mwanamke amepona, halafu tunauliza mtoto ameongezeka gramu ngapi? Ina maana kupona kwake mwenyewe hakutoshi kuwa matokeo.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likauchapisha mpango huo kama mwongozo wa kutumiwa na nchi nyingine.

Kurudi nyumbani

Uganda nayo haikukaa kungoja Rawalpindi. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo lililopigwa vibaya na UKIMWI, Paul Bolton na wenzake walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe wanayaitaje maumivu haya. Wakapewa maneno mawili, *okwekubagiza*, kujihurumia, na *yo'kwekyawa*, kujichukia, yaliyokaribiana sana na kile madaktari wanachokiita sonona. Dawa za kupunguza sonona zilikuwa ghali mno. Wakaunda vikundi, vya wanawake peke yao na vya wanaume peke yao, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa wiki mbili, vikikutana kila wiki kwa wiki 16 kuzungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kwenye vijiji vyenye vikundi, waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Kwingine, kutoka 94 hadi karibu 55.

Ningeweza kuishia hapo ukaondoka unatabasamu, lakini ningekuwa nimekudanganya kwa kunyamaza.

Dar es Salaam, Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walifuata wajawazito wanaoishi na VVU. Manesi wakunga waliendesha vikundi vya kusaidiana kwa wiki sita. Mwishoni, wenye sonona walikuwa asilimia 60 kwenye vikundi na 73 kwa waliopata huduma ya kawaida, tofauti ambayo kitakwimu haikuvuka mstari. Khayelitsha, nje ya Cape Town, wajawazito 425 waliingizwa kwenye utafiti wa vikao sita vilivyoendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii. Matokeo yalipotoka mwaka 2020, hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi.

Kwa nini Rawalpindi ndiyo, Khayelitsha hapana? Rai yangu, na ichukue kama rai: vikao sita si 16, na Khayelitsha ni mahali ambapo familia nyingi zinahangaika na chakula chenyewe. Ukimsaidia mtu kulipima wazo lake na akakuta wazo ni la kweli, kwamba kesho unga hakuna na baba mtoto hapokei simu, tiba ya fikra imefika kwenye ukuta wake. Mhudumu mwenyewe naye anaishi mtaa huohuo, analipwa kidogo, na pengine ana mawazo yake. Usimamizi wa kila mwezi unaonekana ni kipengele cha kiofisi, lakini ndio mahali pekee ambapo msikilizaji naye anasikilizwa.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwingine, wa kuingiza afya ya akili ndani ya kliniki za kawaida za mama na mtoto, mlango uleule, siku ileile. Ukizungumza na manesi kuhusu jambo hili, hawapingi. Wanauliza swali la kumi. Foleni nje ina akina mama arobaini, mtoto wa mbele analia kwenye mzani, na mmoja kwa sauti ya chini anasema ndiyo, wiki hii amefikiria kujidhuru. Nesi anaweka kalamu chini. Anahitaji chumba chenye mlango, nusu saa, na namba ya mtu wa kumpigia ambaye atapokea.